UZI: Tuifungue namba 61,741,120 (jumla ya Sensa 2022) mpaka vigawo vyake vya mwisho

#1 Kokotoa_Dom

Wakuu, habari za muda huu.

Tarehe 31 Oktoba 2022, hapa hapa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, Rais Samia alitangaza matokeo ya sensa: Watanzania ni 61,741,120. Namba hiyo tumeisikia sana kwenye mipango na bajeti, lakini sijaona uzi wowote unaoichukua kama namba tupu na kuuliza ndani yake kuna nini. Uzi huu ni wa kazi hiyo. Wenye vilabu vya hisabati mashuleni wachukue kitakachowafaa.

Inasomeka milioni sitini na moja, laki saba na elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Tarakimu nne za mwanzo, 6174, zina sifa yake na wanaozijua wataifikia. Mimi naanza na vigawo tasa, kwa kalamu, bila kikokotoo.

Inaishia na 0, kwa hiyo 10 inatoka: 61,741,120 = 10 × 6,174,112.

Sasa 6,174,112 tunaikata nusu kwa nusu: 3,087,056, kisha 1,543,528, kisha 771,764, kisha 385,882, kisha 192,941. Ya tano ni witiri, tunasimama. Ukiongeza 2 iliyokuwa ndani ya 10, tunapata 2^6, yaani 64, na 5 moja pembeni.

Kuna njia ya kuhakiki hiyo 64 bila kukata mara sita. Milioni moja ni 64 × 15,625, kwa hiyo tarakimu sita za mwisho peke yake ndizo zinazoamua. Hapa ni 741,120, na 741,120 ÷ 64 = 11,580 kamili. Ukitaka kujua kama 128 nayo inaingia, chukua tarakimu saba za mwisho: 1,741,120 ÷ 128 = 13,602.5. Imegoma. Basi ni 2^6 na si zaidi.

Imebaki 192,941. Jumla ya tarakimu zake ni 26, kwa hiyo 3 haiingii. 7 inaingia: 192,941 = 7 × 27,563.

Hiyo 27,563 ndiyo ngumu. Haina dalili yoyote usoni. Karibuni.

#2 Mwalimu_Mpwapwa

Kabla ya 27,563, tukae kidogo kwenye 7, maana watoto wengi hawana kipimo cha 7 na wanaishia kugawa ndefu.

Kipimo kinatokana na 1001 = 7 × 11 × 13. Gawa namba kwenye makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, halafu toa na jumlisha kwa kupishana:

120 − 741 + 61 = −560

Baki ya −560 ukigawa kwa 7, 11 au 13 ni ileile ya namba yote. 560 = 7 × 80, kwa hiyo 7 inaingia. 560 = 11 × 50 + 10, na kwa kuwa ishara ni hasi, baki ya 11 ni 11 − 10 = 1. 560 = 13 × 43 + 1, kwa hiyo baki ya 13 ni 12. Hesabu moja imetoa majibu matatu.

Kosa la kawaida ni kuanza kugawa makundi kutoka kushoto: 617, 411, 20. Hapo kila kitu kinaharibika, kwa sababu 1000 ndiyo inayotoa baki −1 kwa 1001, na thamani za maelfu zinahesabiwa kutoka kulia. Kosa la pili ni kusahau ishara hasi na kuandika baki ya 11 kuwa 10.

Kwa namba yetu 7 inaonekana hata kwa macho. Iandike 6174 × 10,000 + 1120. 6174 ni 18 × 343, yaani ina 7 tatu ndani yake. 1120 ni 7 × 160. Zote mbili zina 7, basi jumla ina 7. Na kwa kuwa 160 haigawanyiki tena kwa 7, 49 haiwezi kuingia kwenye namba nzima. Hivyo 7 ni moja tu.

#3 BakiSifuri

Naishughulikia 27,563.

Kipeuo chake cha pili ni 166 na ushee (166 × 166 = 27,556). Kama ina kigawo chochote, kimoja lazima kiwe chini ya 167. Tunapita namba tasa kwa mpangilio. Zile 2, 3 na 5 zimeshaondoka:

7 inabakiza 4
11 inabakiza 8
13 inabakiza 3
17 inabakiza 6
19 inabakiza 13
23 inabakiza 9
29 inabakiza 13
31 inabakiza 4
37 inabakiza 35
41 inabakiza 11
43 inaingia: 43 × 641 = 27,563

Ya 7 inarudiwa makusudi. Tulishaitoa mara moja, lakini kutoa mara moja hakuzuii isiwemo tena.

641 nayo tuihakiki. Kipeuo chake ni 25 na kitu, kwa hiyo tunajaribu mpaka 23. Jumla ya tarakimu ni 11, 3 haiingii. 7 inabakiza 4, 11 inabakiza 3, 13 inabakiza 4, 17 inabakiza 12, 19 inabakiza 14, 23 inabakiza 20. Ni tasa.

Kwa hiyo:

61,741,120 = 2^6 × 5 × 7 × 43 × 641

Hakikini: 64 × 5 = 320; × 7 = 2,240; × 43 = 96,320; × 641 = 61,741,120.

#4 Neema_Kisasa

Shukrani wakuu. Swali: kwa nini tunaishia kwenye kipeuo cha pili? Kwa nini tusiendelee mpaka nusu ya namba?

#5 BakiSifuri

@Neema_Kisasa vigawo vinakuja kwa jozi. Kama 27,563 = a × b, haiwezekani a na b zote ziwe zaidi ya 166.02, maana zao lingeizidi namba yenyewe. Kidogo cha jozi kitakuwa chini ya mpaka huo, na ukikipata, kikubwa kinakuja chenyewe kwa kugawa. Ukifika 163 bila kupata kitu, namba ni tasa. Kwenda mpaka nusu ni kujaribu mpaka 13,781 bila sababu.

#6 Euklidi_wa_Kikuyu

Hiyo 43 inaweza kupatikana bila kujaribu hata namba tasa moja, kwa kutumia mchanganuo wa sensa yenyewe.

Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Tafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya hizo mbili kwa njia ya Euclid: gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, kisha gawa ile ndogo kwa baki, endelea hivyo mpaka baki iwe sifuri.

31,687,990 − 1 × 30,053,130 = 1,634,860
30,053,130 − 18 × 1,634,860 = 625,650
1,634,860 − 2 × 625,650 = 383,560
625,650 − 1 × 383,560 = 242,090
383,560 − 1 × 242,090 = 141,470
242,090 − 1 × 141,470 = 100,620
141,470 − 1 × 100,620 = 40,850
100,620 − 2 × 40,850 = 18,920
40,850 − 2 × 18,920 = 3,010
18,920 − 6 × 3,010 = 860
3,010 − 3 × 860 = 430
860 − 2 × 430 = 0

KKS ni baki ya mwisho isiyo sifuri: 430, yaani 2 × 5 × 43. Wanawake ni 430 × 73,693 na wanaume ni 430 × 69,891. Kigawo cha pamoja cha sehemu mbili lazima kiwe kigawo cha jumla yake, kwa hiyo 43 imetoka yenyewe.

Uwiano wa wanaume kwa wanawake kwa namba nzima ndogo kabisa ni 69,891 : 73,693. Huwezi kuufupisha zaidi ya hapo.

Wanafunzi wengi wanakosea mwishoni: wanaandika 860 kwa sababu ndiyo iliyogawanywa, au wanaandika 0. Baki ya mwisho *kabla* ya sifuri ndiyo jibu.

#7 Mdau_Bahi

Mkuu, 430 si ndogo kwa namba kubwa kama hizo. Haina maana kwamba takwimu zimepangwa?

#8 Euklidi_wa_Kikuyu

@Mdau_Bahi hapana, na ni vizuri umeuliza kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteleza.

Uwezekano wa 43 kugawanya namba mbili zilizookotwa tu ni 1/43 × 1/43, yaani 1 kwa 1,849. Ukiusoma peke yake unaonekana mdogo. Lakini hatukusema kabla ya kuangalia kwamba tunaitafuta 43. Ingetoka 37, au 53, au 101, tungeshangaa vilevile. Ukiangalia kwanza halafu ukachagua cha kushangaa, hutakosa. Kipimo cha kweli kinataka useme unachokitafuta kabla ya kufungua takwimu.

Linganisha na mgawanyo mwingine wa jumla ileile. Tanzania Bara ni 59,851,347, Zanzibar ni 1,889,773. Pitisha Euclid kati ya jumla na Zanzibar: baki zinashuka 1,268,384, kisha 621,389, kisha 25,606, 6,845, 5,071, 1,774, 1,523, 251, 17, 13, 4, 1. KKS ni 1. Hazina kigawo cha pamoja hata kimoja, na hilo ndilo jambo la kawaida zaidi: namba mbili za kuokota hazina kigawo cha pamoja kwa uwezekano wa 6 gawa kwa pai mraba, karibu asilimia 61.

#9 Kokotoa_Dom

Tuhesabu vigawo vyote sasa.

Kila kigawo cha namba yetu kinajengwa kwa kuchagua 2 ngapi (0 mpaka 6, njia 7), halafu 5 iwepo au isiwepo, 7 hivyohivyo, 43 hivyohivyo, 641 hivyohivyo. Jumla 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Ukisahau kuongeza moja kwenye kila kipeo utapata 6 × 1 × 1 × 1 × 1 = 6, jibu ambalo huonekana sana kwenye madaftari.

Jumla ya vigawo vyote: kwa 2^6 ni 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 + 64 = 127. Kwa kila tasa nyingine ni yenyewe jumlisha 1. Hivyo 127 × 6 × 8 × 44 × 642 = 172,199,808. Toa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlishwa kuwa 110,458,688. Vinaizidi namba yenyewe, kwa hiyo haimo kwenye kundi la namba kamilifu kama 6 au 28. Iko upande wa zinazozidiwa na vigawo vyake.

Namba ngapi kuanzia 1 mpaka 61,741,120 hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1? Kwa kanuni ya Euler: 32 × 4 × 6 × 42 × 640 = 20,643,840, kama asilimia 33.4. Nusu imeondolewa na 2, kisha 5 inaondoa sehemu moja ya tano ya iliyobaki. 641 haiondoi karibu kitu.

#10 Fermat_Mtera

Nimesubiri mtu aitaje 641 kwa heshima yake, hajatokea.

Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, aliamini kuwa namba za umbo la 2^(2^n) + 1 zote ni tasa. Zinaanza vizuri: 3, 5, 17, 257, 65,537. Inayofuata ni 2^32 + 1 = 4,294,967,297. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa hiyo si tasa, na kigawo alichokitoa ni 641, hiihii iliyo ndani ya jumla ya sensa yetu.

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Kuna uthibitisho ambao hauhitaji kugawa namba ya tarakimu kumi. Unahitaji kuona 641 kwa sura mbili:

641 = 5 × 128 + 1 = 5 × 2^7 + 1
641 = 625 + 16 = 5^4 + 2^4

Hesabu kwa baki za 641. Sura ya kwanza inasema 5 × 2^7 ni sawa na −1. Pandisha pande zote kwa kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 ni sawa na 1. Sura ya pili inasema 5^4 ni sawa na −2^4. Weka mahali pake: −2^4 × 2^28 = −2^32 ni sawa na 1. Kwa hiyo 2^32 + 1 inabakiza 0.

Euler hakuikuta 641 kwa bahati. Kigawo tasa chochote cha 2^32 + 1 lazima kiwe cha umbo la 64k + 1. Hilo linafuta karibu namba tasa zote: zinazobaki za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano imejibu. Mtu asiyejua umbo hilo angepita namba tasa zaidi ya mia moja kabla ya kufika hapo.

#11 Mwalimu_Mpwapwa

Hapo kwenye sura mbili za 641 ndipo pa kuwasimamisha wanafunzi wa kidato cha tano. Ni kipeo na baki tu, hakuna kingine.

Naichukua 6174 ya mwanzo wa namba.

D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule wa Devlali, India, aliona mwaka 1949 kuwa ukichukua namba ya tarakimu nne, mradi zote nne zisiwe tarakimu ileile, ukazipanga kutoka kubwa kwenda ndogo, ukatoa mpangilio wa ndogo kwenda kubwa, na kurudia, utafika 6174 kwa hatua zisizozidi saba. Ukifika hapo hutoki: 7641 − 1467 = 6174.

Tuanze na 3085, tarakimu nne za mwanzo za idadi ya watu wa Mkoa wa Dodoma (3,085,625):

8530 − 0358 = 8172
8721 − 1278 = 7443
7443 − 3447 = 3996
9963 − 3699 = 6264
6642 − 2466 = 4176
7641 − 1467 = 6174

Hatua sita.

Wanafunzi hukwama kwenye sifuri ya mbele. Chukua 2111: 2111 − 1112 = 999. Mwanafunzi anaona 999, anapanga, 999 − 999 = 0, anasema kanuni imevunjika. Haijavunjika. Lazima aandike 0999, kisha 9990 − 0999 = 8991, kisha 9981 − 1899 = 8082, kisha 8820 − 0288 = 8532, kisha 8532 − 2358 = 6174. Tarakimu nne zinabaki nne mpaka mwisho.

Njia ya kujihakiki: kila tofauti lazima igawanyike kwa 9. Tarakimu zikiwa a, b, c, d kwa mpangilio wa kushuka, tofauti ni 999(a − d) + 90(b − c). Ukipata tofauti ambayo tarakimu zake hazijumlishwi kuwa kigawe cha 9, umekosea kutoa.

#12 Neema_Kisasa

Na tukiifanyia hivyo namba nzima, tarakimu zote nane? Inatulia wapi?

#13 Mwalimu_Mpwapwa

Haitulii. Nimeipitisha:

76421110 − 01112467 = 75308643
87654330 − 03345678 = 84308652
88654320 − 02345688 = 86308632
88663320 − 02336688 = 86326632
86663322 − 22336668 = 64326654
66654432 − 23445666 = 43208766
87664320 − 02346678 = 85317642
87654321 − 12345678 = 75308643

Umeona ya mwisho? Imerudi kwenye jibu la hatua ya kwanza. Ni mzunguko wa namba saba, na yetu imeuingia mara moja bila kuzungukazunguka nje. Kwa tarakimu nne njia zote zinaishia mahali pamoja. Kwa tarakimu nane zipo namba mbili za kutulia, 63317664 na 97508421, lakini ipo pia mizunguko, na 61,741,120 imeangukia kwenye mzunguko. Mtu anayeandika programu ya kurudia "mpaka isibadilike" atakuta programu haisimami. Hifadhi majibu yote yaliyopita na usimame pale lolote linapojirudia.

#14 Mdau_Bahi

Jirani zake je? 61,741,119 na 61,741,121 zinaweza kuwa tasa pacha, yaani tasa mbili zinazopishana kwa 2?

#15 BakiSifuri

Hapana, na jibu liko kwenye −560 ya Mwalimu kule juu. Baki ya 11 ni 1, kwa hiyo ukipunguza moja 11 inaingia. Baki ya 13 ni 12, kwa hiyo ukiongeza moja 13 inaingia: 61,741,121 = 13 × 4,749,317. Zote mbili zimeanguka bila hesabu mpya.

Ya chini imefunguka yote. Jumla ya tarakimu za 61,741,119 ni 30, basi 3 nayo inaingia. 61,741,119 ÷ 33 = 1,870,943, na hiyo inagawanyika kwa 31, inabaki 60,353. Hiyo ni tasa. Nimejaribu zote mpaka 241.

61,741,119 = 3 × 11 × 31 × 60,353

Kwa hiyo ukitaka kugawa Watanzania wote wa sensa sawasawa kwenye mikoa 31 (26 ya Bara, 5 ya Zanzibar), kila mkoa unapata watu 1,991,649 na anabaki mtu mmoja.

#16 Fermat_Mtera

Upande wa vipeo vya pili.

Jozi ya vigawo iliyo karibu zaidi na mraba ni 6,880 × 8,974 (6,880 = 2^5 × 5 × 43 na 8,974 = 2 × 7 × 641). Mwenye shamba la mizabibu pale Hombolo akitaka kupanda miche 61,741,120 kwenye mstatili usio na pengo, mstatili mnene kuliko yote ni mistari 6,880 ya miche 8,974.

Kutoka hapo unapata tofauti ya vipeo viwili. Wastani wa jozi ni 7,927, nusu ya tofauti ni 1,047:

7,927² − 1,047² = 62,837,329 − 1,096,209 = 61,741,120

Njia ya Fermat ya kutafuta vigawo inaanzia 7,858 (kipeuo kikipandishwa) na kupanda moja moja mpaka kipeo cha pili cha namba uliyofikia, ukitoa namba yenyewe, kiache kipeo cha pili kamili. Hapa ingefika kwenye jaribio la 70. Kwa 27,563 ile njia ni mbaya zaidi: inaanzia 167 na jozi 43 × 641 inaonekana kwenye 342 tu, majaribio 176, wakati BakiSifuri alifika kwa 11. Njia ya Fermat inafaa pale vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiwa mbalimbali, gawa kwa namba tasa ndogo kwanza.

Jumla ya vipeo viwili? Haiwezekani. 7 na 43 zote zinabakiza 3 ukigawa kwa 4, na kila moja imo mara moja. Tasa ya aina hiyo ikiwa na kipeo witiri inafunga mlango.

Vipeo vitatu? Inawezekana, kwa kanuni ya Legendre: toa 4 kadiri uwezavyo, na iliyobaki isibakize 7 kwa 8. Hapa 61,741,120 = 4^3 × 964,705, na 964,705 inabakiza 1. Mfano:

7,848² + 304² + 240² = 61,591,104 + 92,416 + 57,600 = 61,741,120

Nilianza na 964,705 kwa kutoa 981², nikabaki na 2,344 = 38² + 30², kisha nikazidisha kila mzizi kwa 8. Anayeanza moja kwa moja na milioni 61 anajitesa.

#17 Neema_Kisasa

Nina swali la desimali. 1 gawa kwa 61,741,120, inajirudia baada ya tarakimu ngapi? Kikokotoo kinanipa chache tu kisha kinakata.

#18 Kokotoa_Dom

@Neema_Kisasa kikokotoo hakitafika, lakini vigawo tasa vinajibu.

Tarakimu zisizojirudia mwanzoni zinatokana na 2 na 5 tu: chukua kipeo kikubwa kati ya hivyo viwili. 2 ina 6, 5 ina 1, basi ni tarakimu 6.

Kinachojirudia kinatokana na 7, 43 na 641. Kwa kila moja, tafuta kipeo kidogo cha 10 kinachobakiza 1.

7: kipeo cha 6 (142857 inayojulikana).

43: 10^3 inabakiza 11, 10^6 inabakiza 35 yaani −8, 10^7 inabakiza −80, sawa na 6. Kisha 10^21 ni 6 × 6 × 6 = 216, na 216 − 215 = 1. Kipeo ni 21.

641: 10^4 inabakiza 385. 10^8: 385 × 385 = 148,225, inabakiza 154. 10^16: 154 × 154 = 23,716, na 641 × 37 = 23,717, kwa hiyo baki ni −1. Basi 10^32 inabakiza 1, na hakuna kipeo kidogo zaidi. Ni 32.

Sasa KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 6, 21 na 32. Si kuzidisha zote, hapo ndipo wengi wanapopata 4,032. 6 = 2 × 3, 21 = 3 × 7, 32 = 2^5. KDS = 2^5 × 3 × 7 = 672.

Kwa hiyo: tarakimu 6 kwanza, kisha kifungu cha tarakimu 672 kinachojirudia milele.

Na kwa wanaotumia Excel, kumbukeni inaonyesha tarakimu 15 tu za maana. Kipeo cha pili cha 61,741,121 ni 3,811,966,022,336,641, tarakimu 16. Excel itaandika 640 mwishoni, na namba witiri itaonekana shufwa. Kwa kazi za namna hii tumia Python, namba nzima zake hazina kikomo hicho, na ugawe kwa alama // badala ya / ili isikubadilishie kuwa desimali.

#19 Euklidi_wa_Kikuyu

Naongeza ya mkoa wetu, kwa wanaotaka namba ndogo ya darasani.

Dodoma: 3,085,625. Inaishia 625, na 10,000 ni 625 × 16, kwa hiyo tarakimu nne za mwisho ndizo zinazoamua: 5,625 = 625 × 9. Inaingia. 3,085,625 = 5^4 × 4,937, na 4,937 ni tasa (jaribuni mpaka 67). Kigawo cha pamoja kati yake na jumla ya taifa ni 5 tu. Lakini kwa ukubwa mkoa uko karibu kabisa na sehemu moja ya ishirini ya nchi: 61,741,120 ÷ 20 = 3,087,056, zaidi ya Dodoma kwa watu 1,431.

Wanawake wa mkoa ni 1,572,865. Itazame kwa mfumo wa 2: 2^20 + 2^19 = 1,572,864. Ongeza moja. Kwa hiyo ni 3 × 2^19 + 1, na ikiandikwa kwa 0 na 1 inakuwa 11, kisha sifuri kumi na nane, kisha 1. Kwenye namba za takwimu umbo safi kiasi hicho ni nadra, na ni bahati ileile niliyomweleza Mdau wa Bahi.

Wanaume ni 1,512,760. Euclid kati yao: tofauti ni 60,105; baki zinazofuata ni 10,135, 9,430, 705, 265, 175, 90, 85, 5, kisha 0. KKS ni 5. Wanaume 5 × 302,552, wanawake 5 × 314,573.

#20 Mwalimu_Mpwapwa

Nzuri hiyo kwa kidato cha pili, inamalizika ndani ya kipindi kimoja. Ya taifa yenye baki kumi na moja mpaka 430 nawaachia wa kidato cha tatu, na kabla hawajaanza waandike kila mstari kwa umbo la kubwa − mara × ndogo = baki, kama alivyoandika Euklidi. Wakiandika baki peke yake bila ile "mara", wakikosea katikati hawataweza kurudi kutafuta mstari ulioharibika.